Meno ya Kitanda cha Sita

Tarehe 4 Machi

Kwa Muuguzi Mkuu,
Wodi ya Wanawake, Ghorofa ya Pili

Sista,

Salamu. Mimi ni mume wa mgonjwa aliyekuwa kitanda cha sita, yule mliyeniambia kwamba alifariki tarehe 19 mwezi uliopita, saa tisa alasiri. Nimeandika "mliyeniambia" kwa makusudi, na sasa hivi utaona kwa nini.

Jana nilipiga moyo konde nikafungua bahasha ya vitu vyake mliyonikabidhi. Nimekuta kitana, miwani ya kusomea, kitambaa cha kichwa na meno ya bandia, seti ya juu. Kitana ni chake. Miwani ni yake, nimeijua kwa uzi niliofunga pale ilipokatika. Meno si yake.

Usiniambie nimechanganyikiwa. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, mwaka wa thelathini na moja huu, chumba changu cha kazi kiko nyuma ya duka la dawa, na meno ya mke wangu nimeyatengeneza kwa mikono yangu. Ndivyo tulivyojuana. Alikuja kwangu kama mteja, binti aliyeanguka ngazini akabaki na pengo kubwa mbele, akawa anazungumza huku ameziba mdomo kwa daftari. Tangu hapo nimemtengenezea seti nne. Kila seti, chonge ya kushoto naigeuza kidogo ielekee ndani, kwa sababu aliniambia meno yaliyonyooka mno yanajitangaza. Haya mliyonipa yamenyooka kama askari wa gwaride, na ufizi wake ni wa plastiki nyekundu ya kizamani ambayo sijaigusa miaka kumi.

Sasa nauliza. Haya ni meno ya nani? Ya mke wangu yako wapi? Na ikiwa mmeweza kunipa meno ya mtu mwingine, nitajuaje kwamba hamkunipa na maiti ya mtu mwingine?

Nangoja majibu kwa maandishi.

Mume wa mgonjwa wa kitanda cha sita


Tarehe 9 Machi

Mzee wetu,

Nimepokea barua yako. Kwa niaba ya wodi nzima nakupa pole kwa msiba.

Kuhusu malalamiko yako: kila mgonjwa mwenye meno ya bandia hupewa kikombe chenye nambari ya kitanda chake, na meno hayatoki kikombe hiki kwenda kile. Vitu vya marehemu vilikusanywa, vikaandikwa kwenye daftari la zamu na kukabidhiwa. Mwili ulitambuliwa na shemeji yako, kaka wa marehemu, ambaye alitia saini. Sioni nafasi ya kosa.

Nimewaona wafiwa wengi, mzee wangu. Mtu akiwa na uchungu huweza kuishika saa ya marehemu aliyoiona kila siku na akaapa kwamba haijui. Jipe muda.

Na siku ile ulipozuiwa mlangoni saa ya kuwaona wagonjwa, hapakuwa na jambo la kutilia shaka. Mgonjwa alikuwa amelala, hatukutaka kumwamsha.

Wako katika kazi,
Muuguzi Mkuu wa Wodi


Tarehe 12 Machi

Sista,

Asante kwa majibu. Sasa soma tena barua yangu ya kwanza, taratibu, mpaka mwisho. Kuna mahali nimekuuliza habari za mlangoni? Hakuna. Nilikuuliza meno, wewe umenijibu mlango. Mtu hajibu asichoulizwa bila sababu.

Tuje kwenye meno. Labda utasema yamebadilishwa na ya mgonjwa mwingine kwa bahati mbaya. Nimeliwaza hilo kabla yako, na haliniingii akilini. Seti ya juu inashika kwenye kaakaa la mtu mmoja tu, yule aliyepimwa. Mwingine akiivaa itamchubua kabla hajamaliza sahani ya kwanza, na wodi nzima itasikia. Je, kuna mgonjwa aliyelalamika? Kama hakuna, basi hapakuwa na mabadilishano, na meno ya mke wangu yako mahali ambapo hayamwumizi mtu. Mimi najua kinywa kimoja tu cha namna hiyo.

Na usinitajie saini ya shemeji yangu. Shemeji yangu ni mtu mwema, lakini tangu nimjue anaona aibu kuvaa miwani. Mwezi wa kwanza alimkumbatia jirani yetu sokoni akidhani ni dada yake, huyo huyo dada yake. Huyo ndiye shahidi wenu.

Mimi mwenyewe nilibaki kwenye benchi nje ya chumba cha maiti. Waliniita mara tatu niingie nimwone, sikuingia. Hilo ni kosa langu, silitupi kwa mtu.

Nimepeleka ombi mahakamani kaburi lifunguliwe. Litasikilizwa tarehe 30 mwezi huu. Meno yake ya chini yalikuwa ya kuzaliwa, nimeyachukulia kipimo cha plasta mara nne, na vipimo vyote viko kwenye rafu yangu. Nitayalinganisha mbele ya hakimu, na wewe utaitwa.

Mume wa mgonjwa wa kitanda cha sita


Tarehe 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mjomba amenipigia simu analia. Anasema umekwenda mahakamani kuomba mama afukuliwe, na kwamba umemwambia mbele za watu kuwa amezika mtu asiyemjua. Baba, mjomba hajala siku mbili.

Anasema pia kwamba hukuweka hata matanga. Watu wakija kukupa pole unawauliza pole ya nini. Na jirani amekuona hospitalini, unapita wodi baada ya wodi, unasimama mlangoni na kuangalia vitanda. Baba, wale ni wanawake wagonjwa. Siku moja watakuitia polisi.

Nakuomba, mimi kitinda mimba wako, futa hilo ombi. Unataka kuona nini humo ndani ambacho utaweza kukisahau? Mimi mpaka leo najilaumu kwamba sikuwahi mazishi kwa sababu ya umbali, lakini angalau nina sura ya mama akicheka kituo cha basi siku aliponisindikiza. Usijiharibie ya kwako.

Nimebakiza wiki mbili kwenye mkataba wa kazi huku. Ukisema neno tu, nitaomba ruhusa nije.

Binti yako


Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie mjomba wako ale. Nimemkosea kusema vile mbele za watu, nitamwomba radhi. Lakini sikumkosea kwa nilichosema.

Unaniuliza nataka kuona nini. Mimi nakuuliza wewe: nani katika nyumba hii amemwona? Wewe hukuwepo. Mimi nilikaa nje kama mgeni. Mjomba wako aliona shuka na kivuli. Watu watatu wanaompenda, na hakuna hata mmoja awezaye kusimama akasema nimemwona kwa macho yangu. Halafu mnataka niweke matanga.

Nawaza mambo ambayo mtu mzima anaona haya kuyataja. Labda walikosea vitanda. Labda yuko mahali, hajui jina lake, homa ile ilimchezea kichwa, na anamngoja mtu aje amwite. Nikiweka matanga nikakaa chini na kupokea pole, nani atakwenda kumwita?

Kuna muuguzi anayenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anajua kitu. Nikimaliza naye nitakuandikia. Usije sasa, maliza mkataba wako.

Baba yako


Tarehe 20 Machi

Mzee wetu,

Nimepata taarifa ya mahakama. Nakuomba sana uifikirie familia yako kabla ya kuliendeleza jambo hili.

Hakuna mgonjwa aliyelalamika kuhusu meno. Kuhusu kuzuiwa kwako, sina la kuongeza: mgonjwa alikuwa anaogeshwa na pazia lilikuwa limefungwa. Ni utaratibu wa kawaida.

Muuguzi Mkuu wa Wodi


Tarehe 22 Machi

Sista,

Barua ya tarehe 9: alikuwa amelala. Barua ya tarehe 20: alikuwa anaogeshwa. Nimeziweka pamoja mezani, hii hapa na hii hapa. Mtu analala huku anaogeshwa? Hata mtoto mchanga huamka.

Mimi sina elimu kubwa, lakini kazi yangu ni kutazama vinywa vya watu, na kwa miaka yote hiyo nimejifunza kwamba mtu anayeficha jino bovu huanza kutafuna upande mmoja. Wewe unatafuna upande mmoja, Sista.

Nilikuwa pale. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nusu saa nzima, machungwa magotini. Ulitoka mara mbili, na mara zote mbili uliangalia viatu vyangu badala ya uso wangu. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya mlango na nikasema moyoni, yule ni wangu. Halafu ukaniambia rudi kesho. Nikakuachia machungwa, nikaenda zangu kama mjinga.

Nani alikuwa kitanda cha sita saa ile? Kama alikuwa mke wangu, kwa nini hukuniruhusu nimwone? Na kama hakuwa yeye, mlimpeleka wapi?

Sitakuandikia tena. Tutaonana tarehe 30.

Mume wake


Tarehe 25 Machi

Mzee wangu,

Barua hii naiandikia nyumbani, kwenye karatasi ya daftari la mwanangu, kwa sababu haihusiani na hospitali. Ni mimi na wewe. Ukitaka kumpelekea hakimu, mpelekee. Nimebakiza miezi minane nistaafu na najua kwa haya ninayoyaandika naweza kumwaga unga. Nimeogopa hilo tangu barua yako ya kwanza, ndiyo maana nimekudanganya mara mbili, na wala sikuwa na akili ya kudanganya vizuri.

Asubuhi ya tarehe 19 nilikuwa peke yangu. Mwenzangu wa zamu alikuwa anaumwa, vitanda vyote vimejaa. Wagonjwa watatu walikuwa na meno ya bandia. Sheria ni kuosha kikombe kimoja kimoja. Mimi niliyatia yote kwenye beseni moja la dawa, ili nimalize haraka, kisha nikayarudisha kwa kukisia. Sijui ni nini kilichoniambia kwamba nitayakumbuka.

Mke wako aliyajaribu akayatoa papo hapo. Akaniambia, "Sista, haya si yangu." Nikamwambia nikipumua nitayatafuta. Sikupata pa kupumulia.

Saa saba mchana ukaja. Mlango ulikuwa wazi nusu, akaisikia sauti yako ukiniuliza hali yake. Akavuta shuka mpaka puani. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo, akasema, "Usimruhusu aingie mpaka nipate meno yangu. Mwambie nimelala."

Nikacheka, mzee wangu, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mama, si yeye mwenyewe ndiye aliyeyatengeneza? Ameshaiona hiyo midomo." Akanijibu, "Anaponipima ni fundi. Akiwa mume wangu hajaniona hivi hata siku moja, na hataanza leo."

Basi nikatoka nikakuambia amelala. Ndiyo maana sikuweza kukutazama usoni. Ulipoondoka, aliniuliza kama umekwenda. Nikasema ndiyo, ameacha machungwa. Akasema, "Afadhali. Atakuja kesho." Nikamwambia nakwenda sasa hivi kuyatafuta meno. Nilipofika mlangoni nikaitwa kitanda cha kumi na mbili, kulikuwa na mgonjwa anatapika damu. Niliporudi ilikuwa saa tisa, na alikuwa ameshakwenda. Nilimfumba macho mwenyewe. Alikuwa yeye, mzee wangu. Alikuwa mke wako na hakuna mwingine.

Sikuandika kitu kwenye daftari. Nilichukua kilichokuwa kwenye kikombe nikakitia kwenye bahasha, nikiomba usiifungue.

Baada ya barua yako nilimtafuta yule wa kitanda cha saba, yule bibi mrefu mwenye maneno mengi ambaye wodi nzima ilimwita Bibi Redio. Alikuja kliniki juzi. Akaniamkia akicheka, na chonge ya kushoto imegeuka ndani kidogo, kama ulivyoandika. Nilishindwa kumwambia. Anakaa nyumba za reli, mstari wa pili, mlango wa kijani. Sina haki ya kukupa anwani ya mgonjwa, lakini nimeshavunja sheria kubwa kuliko hiyo.

Sikuombi unisamehe. Naomba usimfukue. Yeye alitaka umwone akiwa amekamilika au usimwone kabisa. Ni hilo tu aliloniomba kwa maisha yake yote niliyomjua, na yalikuwa siku kumi na moja.

Muuguzi wa kitanda cha sita


Tarehe 27 Machi

Mwanangu,

Barua ya Sista nimeiweka ndani ya hii. Isome kwanza kisha urudi hapa.

Umeisoma? Sasa nitakueleza nilichofanya, na usimwambie mjomba wako, ataona nimekwisha kabisa. Nilipomaliza kuisoma, mtu mwingine angelia. Mimi nilisimama nikaanza kutembea chumbani. Nikajiambia, huyu mwanamke amenidanganya mara mbili, kwa nini asinidanganye na ya tatu? Meno yapo. Yamo kinywani mwa mtu. Mtu huyo anacheka, anakula, na hakulalamika kwamba yanamchubua. Nimekupa anwani, anasema. Kwa nini anipe anwani? Nikapata jibu langu, jibu zuri sana: anaona aibu kusema wazi, ananielekeza kwa mama yako kwa kuzunguka.

Basi leo asubuhi nilinyoa ndevu. Nikavaa lile shati la bluu analolipenda. Nikatoa viatu vyake vya kutokea kabatini, nikavipiga dawa, nikavitia kwenye mfuko, maana hospitali aliingia na kandambili na sikutaka arudi nazo mchana kweupe watu wanatazama. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kumgombeza kidogo kwanza.

Nyumba za reli, mstari wa pili, mlango wa kijani. Nikagonga. Nikasikia kandambili zinaburuzwa sakafuni, nikainyoosha kola ya shati.

Akafungua mwanamke mrefu, mweusi, mwenye mvi, ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu. Akasema, "Karibu, baba," na akatabasamu kwa meno ya mama yako.

Sikujua nifanye nini, nikamwambia ukweli. Nikamwambia mimi ni fundi, na hayo ni ya mke wangu. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kisha akasema, "Nilijua, baba. Nilijua siku ile ile. Yangu yalikuwa yanacheza mdomoni kama njugu. Haya yaliniuma vibaya, lakini nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikajiona mtu. Nikasema nikilalamika watayachukua. Sikujua mwenyewe amekufa. Nilidhani kapewa mengine."

Nikamwambia akae dirishani nimtazame. Ndiyo kazi yangu, mikono ilienda yenyewe. Ufizi wote wa kulia umechubuka, kuna kidonda cha kama punje ya dengu. Wiki tano huyu mama ametafunia maumivu na kunyamaza, kwa ajili ya kupendeza tu. Nikamwambia vua, kesho kutwa njoo kwangu nikupime, nitakutengenezea ya kwako, na chonge nitaigeuza ukitaka.

Akageuka ukutani akayavua. Akayasuuza kwa maji ya kikombe, akaniwekea kiganjani. Mwanangu, yalikuwa na joto. Nikafunga kiganja haraka, nikasimama nimeyashika hivyo, nikingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Joto lilikuwa la mwanamke huyu, la chai yake ya asubuhi. Likapungua, likapungua, na baada ya dakika chache nilikuwa nimeshika plastiki yangu mwenyewe niliyoichonga mwaka juzi.

Bibi Redio akaniuliza taratibu, huku ameziba mdomo, ndani ya mfuko nimebeba nini. Nikamwambia viatu. Akauliza vya nani. Nikakaa kwenye kiti chake na yeye akakaa kando yangu mpaka nilipoondoka.

Nimepita mahakamani nikalifuta ombi. Karani akataka sababu iandikwe kwenye fomu, na kalamu ikanigomea pale. Nimerudi nyumbani nikuandikie wewe kwanza.

Mama yako amefariki. Alifariki tarehe 19 Februari, saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa hapa hapa mezani, namsubiri apone. Omba ruhusa, mwanangu, uje. Sijamlilia bado, na sijui mtu anaanzaje peke yake.

Baba yako